Ombwe Linalopimwa

Injini ya petroli yenye kabureta haina mkono wa kuvutia hewa. Pistoni inaposhuka vali ya kuingizia ikiwa wazi, nafasi iliyo juu yake hupanuka, hewa iliyomo hutanuka na kuwa nyepesi, na hewa ya nje, iliyo nzito zaidi, huingia kwa kusukuma. Injini ikizunguka sailensi, yaani dereva hajakanyaga mafuta, kipepeo cha kabureta huwa kimekaribia kufunga. Hewa ya nje hupenya kwa shida, na shinikizo lililomo ndani ya manifodi hubaki dogo kuliko la nje. Tofauti hiyo ndiyo mafundi huiita vakyumu. Hupimwa kwa geji ya mviringo yenye mshale mmoja, iliyoungwa na manifodi kwa mpira mwembamba, na uso wake umegawanywa kwa inchi za zebaki kuanzia 0 hadi 30, ingawa ndani yake hamna hata tone la zebaki.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Swali linaloambatana nacho lina zaidi ya miaka elfu mbili: je, mahali pasipo na kitu panaweza kupimwa, na je, kutokuwepo kwa kitu kunaweza kutenda kazi? Kilima cha Kibuli, jirani na katikati ya jiji la Kampala, kinafaa kuuliziwa swali hilo kwa pande zote mbili. Juu upo msikiti uliojengwa kati ya 1941 na 1951 kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, pamoja na shule na hospitali ya Waislamu. Kipo pia chuo cha polisi, kikosi ambacho kwata na amri zake zimezoea Kiswahili. Chini, kuelekea Industrial Area na Namuwongo, magari ya zamani hufunguliwa boneti kando ya barabara. Sheria ya 2018 iliyokataza kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi haikuyagusa yaliyokwisha kuingia. Corolla za miaka ya 1980 na Land Rover za petroli bado zinatengenezwa, na vipuri vyake bado vinatafutwa katika soko la Kisekka.

Ili geji iseme kweli, injini lazima iwe imeshapata moto, na mpira uungwe upande wa injini, baada ya kipepeo. Katika magari mengi njia nyepesi ni mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki: huchomolewa, kiungo cha njia tatu kikawekwa katikati, na busta ikaendelea kufanya kazi. Tundu dogo la mpira wa distributa ni la hatari kidogo. Katika kabureta nyingi limetobolewa juu tu ya ukingo wa kipepeo, na injini ikiwa sailensi halipati kitu. Fundi aliyeunga geji hapo ataona sifuri na kuhukumu kwamba injini haina nguvu, hali inanguruma vizuri mbele yake.

Injini nzima, usawa wa bahari, huonyesha inchi 17 hadi 21, mshale ukiwa umetulia. Utulivu huo ni nusu ya habari, pengine zaidi ya nusu. Mshale unaoanguka kidogo na kurudi kwa mapigo ya kulingana hushuhudia vali moja iliyoungua au isiyokaa sawa: kila silinda hiyo inapofikiwa na zamu, gesi huvuja na mshale hushtuka. Unaotetemeka kwa kasi katika sailensi, kisha ukatulia mafuta yakikanyagwa, hushuhudia gaidi za vali zilizolika. Unaoelea taratibu huku na huku bila mapigo, mara nyingi ni mchanganyiko wa kabureta uliokosewa. Uliotulia lakini uko chini ni hewa inayopenya kwenye gasketi ya manifodi, au taiming iliyochelewa. Mafuta yakikanyagwa ghafla na kuachiwa, mshale wa injini yenye ringi nzuri huporomoka hadi karibu na sifuri, ukaruka kupita pale ulipoanzia, inchi 24 au 25, ndipo urudi mahali pake. Ringi zikiwa zimekwisha, mruko huo hauji. Na ekzosi ikiwa imeziba, injini ikishikiliwa katika mzunguko wa juu, mshale hupanda kwanza halafu hushuka polepole, kwa sababu moshi uliokosa pa kutokea unachukua nafasi ya hewa mpya. Ni vigumu kutaja kifaa kingine cha bei hiyo kinachosikia mambo mengi kiasi hicho kupitia tundu moja.

Lakini zile 17 hadi 21 ni namba za Mombasa. Geji nyingi huuzwa zikiwa zimepakwa rangi usoni: kijani kwa injini nzuri, rangi nyingine kwa taiming iliyochelewa, vali inayovuja na kadhalika, na aliyezipaka rangi alidhani kila gari liko pwani. Kampala iko mita 1,190 hivi juu ya bahari. Ziwa Viktoria lenyewe liko mita 1,134. Katika kimo hicho hewa ya nje inaweza kuinua zebaki inchi 26 tu, wakati pwani huinua karibu 30. Ikichukuliwa Corolla moja iliyo nzima, Mombasa geji husoma 19, maana yake ndani ya manifodi kumebaki shinikizo la inchi 11. Gari lilelile likipandishwa hadi Kibuli bila skrubu kuguswa, injini bado inahitaji takriban kiasi kilekile cha hewa ili ijizungushe, kwa hiyo ndani hubaki 11 zilezile au karibu yake. Nje sasa kuna 26, na geji inasoma 15. Penye rangi, 15 ni eneo la taiming iliyochelewa. Fundi anayeiamini rangi atalegeza distributa na kuwahisha cheche, mshale utapanda kidogo, na mteja ataondoka na injini inayogonga kila inapopandisha mlima.

Ndani ya injini hiyo hakukuwa na ubaya wowote. Kilichobadilika kiko nje, na geji ilijibu swali ililoulizwa. Jibu ndilo lililochukuliwa kuwa la swali jingine. Kanuni ya mafundi ni kutoa inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, na Kabale, iliyo juu ya mita 1,800, gari hilohilo litapoteza inchi mbili nyingine. Hata anayetafuta shinikizo la hewa katika taarifa ya hali ya hewa kwenye simu anaweza kupotea, kwani ataambiwa Kampala ni milibari 1,015 hivi. Namba hiyo imesahihishwa kana kwamba mji uko pwani, ili miji ya vimo mbalimbali ilinganishwe. Hewa iliyopo kweli mlangoni pa gereji ni kama milibari 880.

Namna geji inavyofanya kazi inaeleza kwa nini mwinuko hubadilisha kipimo chake. Ndani yake mna mrija bapa wa shaba uliopindwa kama mundu, ubunifu ambao Mfaransa Eugène Bourdon aliupatia hataza mwaka 1849. Mwisho mmoja wa mrija umeungwa na mpira unaotoka kwenye injini, mwisho wa pili umezibwa na kufungwa kwenye mshale. Kasha la geji lina upenyo, kwa hiyo nje ya mrija kuna hewa ya mtaani. Shinikizo la ndani likipungua, hewa ya mtaani huukunja mrija zaidi na mshale husogea. Geji ikiwa mezani, haijaungwa popote, mshale uko sifuri na ndani ya mrija mna hewa tele, inchi 26 nzima zikiwa Kibuli. Sifuri hiyo ni alama ya ndani na nje kulingana. Ombwe kamili, kama lingepatikana, lingesimamisha mshale kwenye 26, na alama za 27 hadi 30 zimechorwa bure kwa anayeishi Kampala.

Kwa hiyo jina la vakyumu limekipa kifaa hiki sifa ambayo hakistahili. Manifodi inayosoma 15 Kibuli ina zaidi ya theluthi moja, karibu nusu, ya shinikizo la nje. Imejaa hewa nyembamba. Mwanafalsafa Abu Nasr al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, angeitambua hali hiyo mara moja. Katika risala yake fupi kuhusu ombwe alishughulika na chombo ambacho hewa yake imefyonzwa kwa mdomo, kisha kikatumbukizwa majini kichwa chini na maji yakapanda ndani. Wengine walisema maji yamekwenda kujaza mahali palipoachwa patupu. Farabi alisema hapakuwa patupu hata kidogo: hewa iliyobaki ilitanuka ikajaza chombo chote, na baadaye ikarudi katika kiasi chake. Maelezo hayo ndiyo ya manifodi neno kwa neno, ingawa Farabi aliyatoa ili kuutetea msimamo wa Aristotle kwamba ombwe haliwezi kuwepo popote, na kwa umbali huo hayamfikishi.

Wanakalamu, yaani wanateolojia wa Kiislamu, waligawanyika. Miongoni mwa Muutazila, wale wa Basra walikubali kwamba ombwe linawezekana, kwa kuwa waliuona ulimwengu umeundwa kwa chembe zisizogawanyika, na chembe haziwezi kusogea zikiwa zimebanana bila nafasi. Wale wa Baghdad, wakiongozwa na Abu al-Qasim al-Ka'bi, walikataa. Mojawapo ya hoja zilizokwenda huku na huku baina yao ilihusu kikombe cha hijama: hewa ikifyonzwa humo, nyama ya mgongo huinuka na kuingia ndani ya kikombe. Mwenye kukataa ombwe alisema nyama imeinuka kwa sababu mahali hapawezi kubaki patupu. Hijama inaendelea Kampala hadi leo, na vikombe vya plastiki vyenye pampu ndogo ya mkono vimechukua nafasi ya pembe. Anayetazama ngozi ikivimba taratibu na kubadilika rangi kwa kila mvuto wa pampu ataona kwa nini watu wenye akili kali waliamini kwamba kuna kitu ndani ya kikombe kinachoivuta. Hakipo. Mwili una shinikizo lake, linalolingana na la hewa inayouzunguka. Hewa juu ya kipande kimoja cha ngozi ikipunguzwa, kipande hicho husukumwa kutoka ndani.

Ushahidi uliogeuza mjadala ulitoka Italia na Ufaransa. Wachimba visima walikuwa wanajua kwamba pampu ya kufyonza haiinui maji zaidi ya mita 10 hivi, jambo lisiloeleweka ikiwa maumbile yanachukia ombwe: kwa nini chuki hiyo ikome kwenye mita ya 10? Evangelista Torricelli akaeleza mwaka 1644 kwamba kinachoinua kioevu ni uzito wa bahari ya hewa ambayo watu wanaishi chini yake, na zebaki, kwa kuwa ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji, husimama sentimita 76 tu. Mwaka 1648, kwa ombi la Blaise Pascal, shemeji yake Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme na mrija wa zebaki, na zebaki ikashuka sentimita 8 hivi kati ya bondeni na kileleni. Safari ya Mombasa hadi Kampala ni jaribio hilohilo kwa kipimo kikubwa zaidi: zebaki ingeshuka sentimita 10. Geji ya fundi inairudia kazi ya Périer kila inapovuka nchi ndani ya boksi la spana, bila mtu kuitambua.

Hata hivyo jaribio la Puy de Dôme halikuthibitisha kwamba ombwe lipo. Lilithibitisha nani anasukuma. Mwanafalsafa Descartes aliendelea kushikilia kwamba nafasi iliyo juu ya zebaki imejaa maada laini isiyoonekana, na hakuna geji ya kumkanusha, kwa sababu geji hupima tofauti tu na haina habari ya kilichobaki. Suala la Basra na Baghdad halikuamuliwa kwenye benchi la fundi, na haifai kudai kwamba liliamuliwa. Haraka ya namna hiyohiyo huonekana katika mawaidha yanayoichukua aya ya 125 ya Surat al-An'am, inayotaja kifua kubana kama cha mtu apandaye mbinguni, kuwa tangazo la fizikia ya mwinuko. Wafasiri wa kale, Tabari mmojawapo, waliisoma kuwa mfano wa jambo lisilowezekana kwa mtu: imani inamwia nzito kama ambavyo kupanda mbinguni kumemshinda. Usomaji huo haukuwa na upungufu uliongojea barometa.

Kilicho karibu zaidi na fundi ni swali la pili, la utendaji. Husemwa kila siku kwamba vakyumu inavuta breki. Busta yenye kipenyo cha inchi 9 ina utando wenye eneo la sentimita mraba 410 hivi. Upande mmoja una shinikizo la manifodi, upande wa pili, dereva akikanyaga breki, hufunguliwa hewa ya nje. Kwa tofauti ya inchi 19, hewa ya Mombasa huusukuma utando huo kwa nguvu ya kilo 270 hivi. Kwa inchi 15 za Kibuli, kilo 210. Gari lilelile, breki zilezile, na mguu wa dereva unalazimika kufidia. Tofauti hiyo ya kilo 60 haikutokana na chochote kilichopungua ndani ya gari. Ilitokana na kilomita moja na ushei ya hewa iliyobaki chini, kati ya Kampala na pwani. Kutokuwepo, basi, hakukutenda lolote: mtendaji ni hewa ya nje, na ilichofanya pistoni ni kuondoa kizuizi.

Mwanateolojia al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, asingeridhika hata na jibu hilo. Katika suala la 17 la Tahafut al-Falasifa alihoji kwamba mtu anayeona pamba ikiungua inapokutana na moto ameona mambo mawili yakifuatana tu. Kwamba moto ndio mtendaji, hilo hakuliona. Ufuatano ni desturi aliyoiweka Mungu, na mtendaji ni Mungu. Kwa fundi, msimamo huo una mvuto wake. Anajua kwamba mshale unaodunda kwa mapigo huandamana na vali iliyoungua, na mara nyingi hana zaidi ya hilo. Ujuzi wake wote wa geji ni ujuzi wa desturi. Mwanafalsafa Ibn Rushd alijibu, baadaye katika karne ya 12, kwamba anayeondoa sababu ameondoa akili yenyewe.

Mfano wa mwinuko unaelemea upande wa Ibn Rushd. Aliyekariri kwamba 15 huandamana na taiming iliyochelewa ana desturi ya pwani mkononi, na Kibuli inamponza. Aliyeelewa kwamba hewa ya nje ndiyo inayosukuma anaweza kutabiri namba ya Kabale bila kufika Kabale. Mtetezi wa Ghazali anaweza kusema kwamba uzito wa hewa nao ni sehemu ya desturi ya Mungu, pana kuliko ile iliyochapwa kwenye uso wa geji, na atakuwa amejitetea vizuri. Lakini akishakubali kwamba desturi moja inaeleza nyingine na kuisahihisha, tofauti iliyobaki baina yake na mpinzani wake ni ya teolojia, na gereji haiwezi kuiamua.

Upande wa sheria una maneno zaidi. Surat al-Mutaffifin inawalaani wanaopunja vipimo, wanaojijazia wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Fundi anayejua kwamba 15 ni nzuri kwa Kampala, kisha akamwonyesha mteja rangi ya geji ili amuuzie kazi ya kufungua injini, amepunja kwa kipimo kilicho sahihi, na hilo ni baya kuliko mizani iliyochezewa, kwa maana mizani iliyochezewa inaweza kukaguliwa. Asiyejua hakudanganya. Lakini hadithi iliyopokewa katika Sunan ya Abu Dawud inamtwisha dhamana mtu anayejitia kutibu bila kujulikana kwa ujuzi wa tiba, na mafakihi wameipima kazi ya mafundi wa watu wote kwa mizani inayokaribiana nayo, wakitofautiana katika mipaka ya dhamana. Kwa hoja hiyo, kutoujua mwinuko wa mji anaofanyia kazi hakumwondolei mtu gharama ya pistoni iliyotoboka.

Magari yaliyofuata yaliliepa tatizo la mwinuko kwa kubadilisha sifuri. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zenye mfumo wa kupuliza mafuta zina kihisi cha shinikizo la manifodi ambacho hakijilinganishi na hewa ya mtaani. Ndani yake mna chumba kidogo kilichonyonywa hewa karibu yote kiwandani na kuzibwa, na kila kipimo huanzia hapo. Kwa hiyo injini iliyo nzima husoma karibu namba ileile Mombasa na Kibuli, na swichi ikiwashwa kabla injini haijaungurumishwa, mashine ya kusomea kompyuta ya gari huonyesha kilopaskali 88 hivi, ambayo ni hewa ya Kampala yenyewe. Injini nyingi za dizeli hazina kipepeo cha kuzuia hewa. Zinapumua wazi, geji ikiungwa mshale hausogei, na busta zake za breki hupewa pampu ya peke yake.